Nusu ya Kikwembe

Watu husema binti anayemngoja mama mkwe hutetemeka mpaka meno yagongane. Labda. Lakini wanaosema hivyo hawamjui Mwavita. Alasiri ile alikuwa juu ya ngazi ndani ya ukumbi wa parokia, pini sita mdomoni, akivuta kitambaa chake kikae sawa ukutani, na kama kuna kitu kilichomkera ni ufupi wa ngazi.

"Weye hauogope kabisa?" Elodie, rafiki yake tangu shule ya msingi, alishika ngazi kwa mikono miwili na kuogopa kwa niaba ya wote wawili.

"Niogope nini?" Mwavita alijibu kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na pini.

"Mama Aïcha! Yule mama amekatalia Onema wachumba watatu. Mumoja kwa sababu eti anacheka sana."

"Basi sitacheka."

"Weye? Weye njo unacheka hata kwenye kilio!"

Mwavita akacheka, na pini moja ikaanguka sakafuni.

Mambo yalikuwa hivi. Onema alimpenda Mwavita, Mwavita alimpenda Onema, na Kindu nzima ilijua, kuanzia mtaa wa Mikelenge mpaka ng'ambo ya mto, Alunguli. Ambaye hakukubali ni mtu mmoja tu, naye ndiye aliyehesabika: Mama Aïcha, mama yake Onema, mjane anayeuza samaki wakavu wa Lokandu na asiyepunguza bei hata kwa imamu. Mwaka mzima alikataa. Kwanza, alisema, binti mwenyewe ni nusu-nusu: baba yake wa msikitini, mama yake Jeannette mwimbaji wa kwaya. Pili, kazi gani hiyo ya kushona matambara na takataka za mtoni, halafu kuiita sanaa? Lakini juma lililopita alichoka kubembelezwa, akasema atakuja ajionee kwa macho yake. Akiridhika, Ijumaa wajomba wa Onema wangekwenda kuposa. Asiporidhika, basi tena. Onema alikuwa amesema wazi, mbele ya mama yake na mbele ya mpenzi wake: "Siwezi kuoa huku Mama analia." Kwa neno hilo Mwavita alimpenda zaidi, na kwa neno hilo hilo alitamani kumpiga na kiatu.

Kitambaa chenyewe kilikuwa msala. Si ule wa kukunja na kutia kwapani, la. Huu ulikuwa msala wa mita saba, ulioanza sakafuni na kupanda ukutani upande wa kibla. Haukupata nyumba ya kuuenea Kindu isipokuwa ukumbi wa parokia, na padri, Mungu ambariki, alikuja mwenyewe kuuliza Maka iko upande gani, kisha akasaidia kuhamisha viti. Katikati ya msala ulipita mto Lualaba, kutoka chini kwenda juu, umefumwa kwa mifuko ya plastiki iliyookotwa mtoni, ikafuliwa, ikasokotwa kamba. Huku na huku kando ya mto vilishonwa vipande vya vikwembe, yaani vitenge, vya akina mama wa Kindu, wa msikitini na wa kanisani, kila kipande kimetoka kwenye nguo ambayo mama huyo aliivaa, au aliibebea mtoto, miaka ya vita. Vile vyenye picha za ndege, samaki au nyuso za watu Mwavita aliviweka upande wa ndani nje, maana msala haubebi picha ya kiumbe.

Na kazi hiyo ilikuwa na sheria moja tu: kipande hakipokelewi mpaka mwenyewe akitoe kwa mkono wake, na aseme alikuwa wapi nacho. Akina mama sabini na wawili walikuja, wakatoa, wakasema. Mwavita, aliyezaliwa vita ikiingia mjini na kupewa jina lake kwa sababu hiyo, aliwasikiliza wote bila kutazama saa. Sheria ile aliivunja mara moja. Aliivunja kwa ajili ya mwanamume, na mtashangaa nini?

Mwanamume huyo aliingia sasa hivi, mrefu, chaki kwenye mikono ya shati. Onema alikuwa mwalimu wa jeografia, na ndiye aliyeuchora ule mto sakafuni, kona kwa kona, kabla Mwavita hajaufuma.

"Mama iko nyuma yangu," alisema. "Amevaa viatu yake ya Idi."

"Njo alama muzuri ao mubaya?" Elodie aliuliza.

"Sijui. Aliivaa pia siku alikatalia yule wa pili."

Elodie akakumbuka ghafla kwamba kuna viti vya kupanga nje, akatoka. Mwavita alishuka ngazi. Wakasimama, hatua moja katikati yao, wakatazamana kama watu waliokatazwa kutazamana. Kulikuwa na uzi mwekundu kwenye kitambaa cha kichwa chake. Onema alinyoosha vidole viwili, akauondoa bila kumgusa hata unywele, na Mwavita akahisi joto likimpanda mpaka masikioni.

"Ijumaa, Mungu akipenda, watakuuliza mahari," Onema alisema polepole. "Njo haki yako, hakuna mwingine wa kuisema. Utaomba nini? Niambie mbele, nijipange."

"Nitasema nikiulizwa."

"Mwavita, usiombe kitu ya kunishinda."

"Ningekuwa napenda vitu rahisi, Prof, ningependa muntu mwingine."

Onema akacheka, lakini jicho lake likakimbilia ukutani. "Na kile kipande? Umekitia?"

"Kiko pale, Kindu, pahali ya kivuko. Kama ulivyoniambia."

Onema alimeza mate. Mwavita aliona, akadhani ni mapenzi. Mwezi uliopita alikuwa amemletea kipande cha kikwembe kikuukuu chenye picha za kuku na vifaranga, upana wa kiganja, pindo lake limeshonwa kwa uzi mweusi wa nyavu. "Njo ya Mama," alimwambia. "Alivuka nayo hapa Kindu, kwenda Alunguli, miye nikiwa mugongoni." Mwavita alitaka kumwendea mama mwenyewe, asikie kwa kinywa chake. Lakini mama mwenyewe alikuwa hataki kumwona, na mkono uliokileta ulikuwa mkono anaoupenda. Akakipokea, akakishona.

"Salamu alekum!"

Sauti ilifika kabla ya mwenyewe. Mama Aïcha alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Alipofika penye ukingo wa msala alisimama, akavua viatu vya Idi, akaviweka pembeni. Mwavita aliliona hilo, moyo ukampiga teke moja la furaha.

"Alekum salamu, Mama. Karibu sana."

Mama Aïcha alianza kukagua kazi kama anavyokagua samaki wa watu: aliinama, akashika, akavuta, akanusa.

"Hii njo plastiki?"

"Njo plastiki, Mama."

"Musala njo pahali ya usafi, binti."

"Nilifua kila mufuko mara saba. Ningeiacha mutoni, Mama, ungetawadha nayo kila siku bila kujua."

Mama Aïcha alimtazama kwa pembe ya jicho, akasogea. Pembezoni mwa msala kulikuwa na pindo la vipande vya kitambaa cha marekani, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi. Cha mwisho kilikuwa chekundu kama tofali.

"Na hii rangi ulinunua wapi?"

"Sikununua. Kila Ramadhani nachovya marekani nyeupe pale kwenye jiwe wamama wanachota maji ya kutawadha. Kipande moja, siku moja. Nilianza na miaka kumi na ine. Hii njo ya kwanza, na hii ya mwaka huu. Hayo njo matope, Mama, yanashuka kutoka machimbo, kule upande wa Kampene."

Mama Aïcha alipitisha kidole kutoka kipande cha kwanza mpaka cha kumi na mbili.

"Hata samaki wamebadilika," alisema. "Miye nilizania njo macho yangu yanazeeka."

"Siyo macho yako, Mama. Njo muto."

"Hm." Akajinyoosha, mikono kiunoni. "Na weye mwenyewe? Unasali na baba yako ao unaimba na mama yako?"

"Ninasali, Mama. Na Noeli napika na mama yangu. Siko nusu-nusu. Niko muntu muzima mwenye kuzaliwa na watu wawili, kama kila muntu."

Wallahi, pembe ya mdomo wa Mama Aïcha ilicheza. Onema aliiona, akatoa pumzi aliyokuwa ameizuia tangu asubuhi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Na ndipo mama alipopiga hatua moja zaidi, mpaka mahali pa Kindu kwenye ule mto, usawa wa kifua chake, akaona pindo la uzi mweusi wa nyavu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliweka kiganja juu ya kile kipande, akakikunja ukingo kidogo, akachungulia upande wa pili. Kuku. Vifaranga.

"Hii imetoka wapi?"

"Mama..." Onema alianza.

"Sikukuuliza weye! Binti, hii imetoka wapi?"

Mwavita alimtazama Onema, akaona uso wake, na papo hapo akaelewa yote. Angeweza kumtupia yeye mzigo. Hakufanya hivyo.

"Ililetwa na Onema, Mama. Nilizania umeitoa weye. Lakini kosa njo yangu. Nina sheria ya kupokea kutoka mukono wa mwenyewe, na hii peke yake sikuja kukuuliza."

"Mama, ilikuwa chini kabisa ya sanduku," Onema alisema. "Tambara tu. Nilikata kidogo. Nilitaka na weye uwe ndani ya kazi yake, upende—"

"Tambara!" Sasa sauti ilitoka, mpaka Elodie akachungulia mlangoni na kurudi nyuma haraka. "Ningekuwa na tambara ndani ya sanduku yangu ningefungia kufuli? Mwizi! Nimezaa mwizi, na nimekuja kuangalia mupokeaji wake! Sasa njo mwisho. Wajomba hawaendi pahali popote."

Akageuka kuvifuata viatu vyake. Onema alisimama amekauka, macho yake yakimsihi Mwavita afanye kitu, chochote, apige magoti. Mwavita hakupiga magoti. Alijua anachokipoteza: si ndoa ya mtu yeyote, ni ndoa ya huyu, mwenye chaki mikononi. Lakini alijua pia jambo la kwanza linalotakiwa kufanywa.

"Mama, usitoke bila kitu yako."

Alichukua wembe kwenye kikapu cha nyuzi, akasogea ukutani, akaanza kufumua. Hakurarua. Alikata mshono mmoja, akauchomoa, akakata wa pili. Mama Aïcha alikuwa na kiatu kimoja mguuni. Alisimama hivyo hivyo, akitazama ile mikono.

"Unafumua polepole," alisema mwishowe, kwa ukali bado.

"Njo uzi wako wa nyavu, Mama. Sitaki kuukata."

Kipande kilipotoka, Mwavita alikiweka juu ya viganja vyake viwili, akampelekea. Mahali kilipokuwa, msala ulibaki na tundu, na ukuta wa parokia ukaonekana.

Mama Aïcha alikipokea. Akakaa kwenye kipandio cha chini cha ngazi, na kiatu chake kimoja.

"Onema. Nani alikuambia tulivukia Kindu?"

"Kila mutu, Mama. Wote walikimbilia Alunguli."

"Wote. Siye hapana. Baba yako alisema Alunguli kumejaa watu, twende chini, Lokandu, kule iko ndugu zake wavuvi. Tulitembea siku ine. Weye mugongoni, ndani ya hii. Siku ya tano, tukiwa pale Lokandu tunangoja mutumbwi, homa ikamuchukua. Asubuhi alikuwa anasema. Magaribi, basi." Alinyoosha kile kipande juu ya goti lake. "Sanda ilitoka wapi, miaka ile? Treni hakuna, duka hakuna, marekani hata ya mukono moja hakuna. Muislamu anazikwa bila sanda? Nikakufungua mugongoni. Nikapasua hii kikwembe katikati. Nusu nikamufunika nayo yeye. Pindo ya nusu yangu, muvuvi mumoja alinishonea na uzi ya nyavu yake, isifumuke. Njo hii."

Onema alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye chaki.

"Haukuniambia," alisema.

"Ulikuwa mutoto. Kisha ukakuwa mukubwa, nikakosa pa kuanzia." Mama Aïcha alitikisa kichwa. "Na kaburi? Nilirudi amani ilipokuja. Muto umekula ule ukingo wote. Hakuna kaburi, hakuna muti, hakuna alama. Kitu imebaki duniani ya kuonyesha baba yako alilala pale njo hii nguo. Na weye unakuja kuikata kama sabuni."

Mwavita alichuchumaa mbele yake, macho kwa macho. "Nisamehe, Mama. Na aksanti kwa kusema. Kipande ni chako. Tundu nitaliacha vile, nitamuambia kila muntu pahali hii iko ya Mama Aïcha, na hakutaka."

Mama Aïcha alimtazama yule binti, kisha akautazama ukuta. Macho yake yakaufuata mto wa plastiki, kona kwa kona.

"Prof," alisema kwa dharau kidogo. "Kindu iko wapi hapa?"

"Pale kwenye tundu, Mama."

"Na Lokandu?"

Onema alinyoosha mkono juu, mbali, karibu na dari, pale mto ulipopinda. "Kule. Muto unashuka kule."

"Donc, kumbe mulimuweka baba yako pahali hakuvukia." Akasimama. Akavua tena kile kiatu. "Leta sindano."

Mwavita alitunga uzi bila kuuliza swali. Mama Aïcha aliishika ngazi, akaitikisa kuipima, akapandisha kikwembe chake kidogo, akapanda. Miaka yake sitini na minne, nyayo tupu, ndani ya ukumbi wa parokia!

"Shika ngazi, weye mwizi!"

Onema alirukia ngazi. Mwavita alisimama upande wa pili, mkono juu, tayari kudaka. Huko juu mama alitafuta ile kona ya mto, akaipapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, akaipata.

"Binti, kwa nini ulikigeuza?"

"Kuku ni viumbe, Mama. Musala haubebi."

"Vizuri. Nitakiacha vile. Kuku waangalie ndani, kule iko mume wangu."

Alishona kwa mishono mikubwa, ya mtu wa nyavu, si ya fundi, na Mwavita aliyajua macho ya wapenda sanaa wa Kinshasa watakaokuja kuitazama kazi ile na kuuliza nani alishona hapa vibaya. Atawajibu kwa fahari. Onema alikuwa anatazama juu, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola, mikono miwili imeshika ngazi hata asiweze kuyafuta. Mwavita alichukua ncha ya mtandio wake, akamfuta. Mbele ya mama yake. Mama alikuwa juu, aliona, akajifanya hakuona.

Aliposhuka alikuwa anahema. Akajifutia mikono, akamgeukia Mwavita.

"Mahari yako unataka nini? Usingoje wajomba. Niambie miye."

Onema alipomuuliza, Mwavita hakuwa na jibu. Sasa alikuwa nalo, na hakulizunguka.

"Ile nusu imebaki ndani ya sanduku, Mama."

Onema alifumba macho. Elodie, mlangoni, alisema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini.

"Unataka kukata tena?" Mama Aïcha aliuliza.

"Hapana. Sitakata hata uzi. Ya kubebea mutoto."

Sauti ya Mama Aïcha sasa haikuwa ile ya sokoni. "Haitoshi. Nusu haizunguke mugongo na mutoto ndani. Nilijaribu. Kutoka Lokandu huyu nilimubeba mukononi."

"Nitaiunga. Nusu yako, na nusu ya kikwembe mama yangu Jeannette alinibebea. Zitazunguka."

Hapo Mama Aïcha akaketi tena kwenye ngazi, akalia. Alilia kwa sauti, wazi, bila kuficha uso, kilio cha miaka ishirini na kitu ambacho hata sokoni hawakuwahi kukisikia. Onema alipiga magoti mbele yake, amechanganyikiwa, akimshika mikono, "Mama, basi, Mama, tutaacha, kama haupendi tutaacha..."

"Nyamaza!" Mama Aïcha alijifuta pua na ncha ya kikwembe. "Si weye ulisema hautaoa huku Mama analia?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi niangalie vizuri. Nalia. Na Ijumaa wajomba wako wanakwenda."